Msimnyime mtoto yai kwa kuogopa kolesteroli



Mama mmoja alimleta mtoto wake hospitalini. Mtoto alikuwa na miaka miwili na nusu, na uzito wake kilo nane tu. Miguu yake ilikuwa imevimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Nywele zake zilikuwa nyekundu na nyepesi, zikang'oka bila nguvu. Hakucheka, wala hakutaka kushikwa. Sisi sote wa upande huu twajua jina la ugonjwa huo: ni bwaki. Nikamwuliza mama, "Mtoto anakula nini?"

Akajibu, "Bugali na sombe, Munganga."

"Na maharage?"

"Mara moja moja."

"Nyumbani kuna kuku?"

"Kuku wako, sita, na wanataga vizuri."

"Basi, mayai yanakwenda wapi?"

Akasema, "Tunayauza. Tena shemeji yangu wa mjini alitukataza kuyala. Alisema yana kolesteroli, na kolesteroli inaua moyo."

Nilinyamaza kidogo. Shemeji yule hakusema uongo mtupu. Nilisikia baadaye kwamba yeye ni mtu mnene, ana tansio, na mganga wa mjini alimpima damu akamwambia apunguze mafuta. Alipokea neno lililo lake, kisha akampelekea mtoto mwenye kilo nane. Ndiyo sababu naandika. Mimi naona neno hili, kolesteroli, limefika kwetu kama barua iliyoandikiwa mtu mwingine. Tumeifungua sisi, na watoto wanalipa deni ambalo hawakukopa.

Basi, na tuulize kwanza kitu chenyewe ni nini, maana wengi wanaokiogopa hawakijui.

Jina lake lilitoka katika nyongo. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita wataalamu wa Ufaransa walichunguza mawe yanayofanyika ndani ya kifuko cha nyongo cha watu wengine, wakapata ndani yake kitu cheupe kinachofanana na nta. Mwaka 1815 bwana Chevreul alikipa jina kwa kuunga maneno mawili ya Kiyunani, la kwanza maana yake nyongo, la pili maana yake kigumu. Si sumu wala si uchafu. Tena si mafuta yenyewe, kama mafuta ya ngazi tunayopikia, lakini ni jamaa ya mafuta, kwa maana hakikubali kuchanganyika na maji. Kimejengwa kwa chembe ndogo sana: za kaboni 27, za hidrojeni 46, na moja tu ya oksijeni. Kaboni hizo zimeshikana na kufanya pete nne zilizoungana, tatu za pembe sita na moja ya pembe tano, na mkia mfupi nyuma yake. Zikumbukeni pete hizo nne, kwa sababu nitazirudia.

Na nani anayekitengeneza? Ni wewe mwenyewe. Karibu viungo vyote vya mwili vyaweza kukitengeneza, na ini lafanya kazi hiyo kwa wingi. Mtu mzima anatengeneza karibu gramu 1 kila siku. Mzee ambaye hajaonja nyama wala yai mwaka mzima ana kolesteroli katika damu yake, na ni lazima awe nayo. Mwili wachukua vipande vidogo vyenye kaboni mbili mbili, vinavyotoka katika chakula cho chote, iwe bugali, iwe maharage, iwe mafuta, ukaviunganisha hatua kwa hatua, karibu hatua 30, mpaka pete zile nne zinafungana. Mabwana wawili, Konrad Bloch kule Marekani na Feodor Lynen kule Ujerumani, walifanya kazi ya miaka mingi kuzifuata hatua hizo, wakapewa zawadi ya Nobel mwaka 1964.

Sasa angalieni hesabu. Yai moja lina kolesteroli karibu miligramu 200, ni kusema sehemu ya tano ya ile ambayo mwili wajitengenezea kila siku. Tena si yote ya chakula inayoingia katika damu. Na ini si mjinga: likiona nyingi imeingia kwa chakula, linapunguza kazi yake. Ndiyo maana kwa watu walio wengi kula yai hakupandishi sana kolesteroli ya damu. Zamani wakubwa wa chakula wa Marekani waliwaambia watu wao wasipite miligramu 300 kwa siku. Mwaka 2015 waliiondoa hesabu ile katika maongozi yao. Hawakusema watu wale bila kipimo, lakini waliona kwamba hatari kubwa haiko mahali pale walipokuwa wakionyesha kidole. Habari ya kwanza ilifika vijijini mwetu upesi sana. Hii ya pili bado iko njiani.

Kazi ya kolesteroli ni nini? Kila chembe hai ya mwili ina ngozi yake nyembamba, na kolesteroli imo ndani ya ngozi hiyo, ikiifanya isiwe laini mno wala ngumu mno. Ubongo wetu ni kama sehemu ya hamsini tu ya uzito wa mwili, lakini una karibu robo ya kolesteroli yote. Mishipa ya fahamu imevikwa kifuniko chenye kolesteroli nyingi ili habari zipite upesi kutoka kichwani mpaka kidoleni. Katika ini, kolesteroli inageuzwa kuwa chumvi za nyongo, nazo ndizo zinazoyeyusha mafuta tumboni. Bila nyongo, hata vitamini ya A iliyo katika mafuta mekundu ya ngazi isingeingia vizuri mwilini.

Tena kuna jua. Katika ngozi yetu kuna ndugu wa karibu wa kolesteroli, na mwangaza wa jua ukimpiga, pete moja inafunguka, akawa mwanzo wa vitamini ya D, inayoimarisha mifupa. Mtoto anayefungwa ndani ya nguo na nyumba siku zote, asione jua, mifupa yake yaweza kupinda, hata kama tumbo lake limeshiba.

Na mashauri ambayo viungo vyatumiana kwa njia ya damu, mengi yametoka katika pete zile nne. Ile inayomfanya mvulana aote ndevu na sauti yake igeuke, imetoka katika kolesteroli. Ile inayomwandaa msichana kuwa mama, na ile inayoshikilia mimba isitoke, zote zimetoka humo. Nayo kortisoli, inayotusaidia kusimama siku ya ugonjwa na taabu, ni ya nyumba ile ile.

Hapa niseme neno pembeni. Wako watu, na si wachache, wanaonunua sokoni vidonge vya dekisametasoni ili wanenepe na kuonekana wazuri. Dawa hiyo imetengenezwa kwa mfano wa kortisoli. Ina pete zile zile nne. Ni dawa njema mkononi mwa mganga. Lakini anayeimeza mwezi baada ya mwezi kwa kutaka mashavu, anaweza kupata ugonjwa wa sukari, na tansio, na mifupa kuwa dhaifu. Tena akiacha ghafula anaweza kuanguka, kwa sababu mwili wake umesahau kujitengenezea kortisoli. Nimeona mtu anayekataa yai kwa hofu ya kolesteroli, na vidonge hivyo viko mfukoni mwake. Sikujua nicheke au nilie.

Kama mtu angali anadhani kolesteroli ni adui tu, na asikie habari mbili. Ya kwanza: mwaka 1964 waganga watatu, Smith, Lemli na Opitz, waliandika juu ya watoto waliozaliwa na kichwa kidogo, na vidole vya miguu vilivyoshikamana, na akili zisizokua vizuri. Sababu yake ilijulikana mwaka 1993: miili ya watoto hao haiwezi kumaliza hatua ya mwisho ya kutengeneza kolesteroli. Ya pili ni karibu zaidi nasi: maziwa ya mama yana kolesteroli. Hakuna mama aliyeitia kwa makosa.

Sasa nije kwenye bwaki, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Nimesema kolesteroli haichanganyiki na maji. Nayo damu ni maji kwa sehemu kubwa. Basi yasafirije? Mwaga mafuta ziwani uone: yanaelea tu. Yahitaji mitumbwi. Ini latengeneza mitumbwi midogo sana, linapakia ndani yake mafuta na kolesteroli, kisha linaisukuma katika mto wa damu iende kwa viungo. Na mitumbwi hiyo hujengwa kwa kitu gani? Kwa protini, yaani kile tunachokiita chakula cha kujenga mwili, kilicho katika maharage, samaki, karanga, maziwa, nyama, na yai.

Mtoto mwenye bwaki, ini lake limejaa mafuta na kuvimba. Waganga wengi wameeleza kwamba sababu moja ni hii: ini limekosa vitu vya kujengea mitumbwi, na mzigo umelundikana kando ya mto. Ukipima damu ya mtoto huyo, mara nyingi utakuta kolesteroli iko chini, wala si juu. Mmesikia? Tunamficha mtoto yai ili kolesteroli isimzidi, naye anaumwa akiwa nayo kidogo kupita kiasi! Sisemi bwaki yatoka kwa kukosa yai peke yake. Surua, kuhara, minyoo, kuachishwa ziwa upesi, na bugali la mihogo kila siku bila kitoweo, vyote vimo. Lakini nasema kwamba katika nyumba yenye kuku sita wanaotaga, hofu hii haina haki ya kukaa.

Basi, hofu iende kwa nani? Kwa maana mahali pake papo.

Mitumbwi inayotoka ini kupeleka kolesteroli, ikiwa mingi mno katika damu, mingine huingia ndani ya ukuta wa mishipa mikubwa, ikakwama pale. Askari weupe wa damu wanakuja kuila, wanashiba mpaka wanafanana na povu, wanafia humo. Miaka inapita. Kunafanyika kama uvimbe wenye uji ndani yake. Mtu hasikii kitu. Siku moja uvimbe unapasuka, damu inaganda juu yake, njia inazibika. Kama ni mshipa wa moyo, kifua kinabanwa na mtu anaweza kufa hapo hapo. Kama ni mshipa wa kichwa, upande mmoja wa mwili unapooza, na watu wanaanza kumtafuta mchawi.

Iko mitumbwi mingine inayorudisha kolesteroli kwa ini ili itoke kwa njia ya nyongo. Ndiyo sababu watu husema kuna kolesteroli nzuri na kolesteroli mbaya. Mimi siyapendi maneno hayo. Kolesteroli ni moja. Kinachobadilika ni mtumbwi na safari yake. Tena waganga wa nchi za mbali walijaribu dawa za kuongeza ile wanayoiita nzuri, wakidhani moyo utaokoka, na hazikuleta faida waliyoitumaini. Jambo kubwa linabaki ile mitumbwi inayokwenda: isiwe mingi mno, wala kwa miaka mingi mno.

Ni nini kinachoifanya iwe mingi? Kwa wengine ni ukoo. Ini lina milango ya kupokea mitumbwi inayozunguka, na kuna watu waliozaliwa na milango pungufu, kama mtu mmoja katika 300. Mabwana Brown na Goldstein wa mji wa Dallas waligundua habari za milango hiyo, wakapewa Nobel mwaka 1985. Kama katika jamaa yenu baba, au mjomba, au ndugu alikufa ghafula kwa moyo kabla ya kufika miaka hamsini, msimalizie habari yake katika kilio. Njoni mpimwe, hata kama ninyi ni wembamba.

Kwa wengi wengine ni chakula, lakini si yai hasa. Ni mafuta yanayoganda: mafuta ya ng'ombe na nguruwe, siagi kwa wingi, na yale mafuta ya viwandani yaliyogeuzwa kuwa magumu, ambayo Shirika la Afya la Ulimwengu liliziomba nchi zote mwaka 2018 ziyaondoe katika vyakula. Mafuta ya namna hiyo hupunguza ile milango ya ini, na mitumbwi inabaki ikizunguka.

Hapo watu huniuliza juu ya mafuta yetu ya ngazi. Nitawajibu bila kuficha. Hayana kolesteroli, kwa maana ngazi ni mti, na miti haina kolesteroli ila chembe isiyohesabika. Lakini karibu nusu yake ni mafuta ya ile namna inayoganda. Kwa hiyo mtu mzima, mnene, mwenye tansio, ambaye sombe yake inaelea ndani ya mafuta mekundu, apunguze. Lakini mtoto apewe kijiko katika chakula chake, kwa sababu rangi ile nyekundu ni chakula cha macho. Inageuka kuwa vitamini ya A. Wala msiyachome mpaka yawe meupe kabla ya kupika, kama wengine wanavyofanya, kwa maana mmeichoma dawa mkabakiza mafuta tu.

Na katika maduka kuna chupa za mafuta zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwamba hazina kolesteroli, na bei yake imepanda kwa ajili ya maandishi hayo. Mimi mwenyewe nilinunua moja kwa bei hiyo, nikarudi nyumbani nikijisifu. Ni kweli haina. Hata mafuta ya karanga anayokamua jirani yako hayana, naye hakuandika kitu.

Ndugu mmoja baada ya somo letu la afya alisimama akasema, "Je, kitabu cha Walawi hakikatazi kula mafuta? Basi si jambo jipya." Nilimjibu kwamba sheria ile ilisema juu ya mafuta ya ng'ombe na kondoo na mbuzi yaliyowekwa kwa madhabahu, haikutaja yai la mtoto. Alicheka, akaketi.

Wale wanaopaswa kuogopa nawataja wazi: mwenye tansio, mwenye ugonjwa wa sukari, mvutaji wa tumbako, aliyepooza upande mmoja akapona, mwenye ukoo wa kufa ghafula. Na kwetu huku, kupooza kwatoka kwa tansio mara nyingi zaidi kuliko kwa kolesteroli. Basi mtu asijivune kwamba ameacha mayai, na chumvi na vidonge vya supu anavimimina katika chungu bila kipimo.

Kwa hao dawa iko. Bwana Akira Endo wa Japani alichunguza maelfu ya aina za ukungu, na mwaka 1973 akapata katika ukungu mmoja, wa jamaa ile inayotoa penisilini, kitu kinachofunga hatua moja kati ya zile 30. Ini likikosa kolesteroli yake, linafungua milango mingi zaidi na kuivuta mitumbwi kutoka katika damu. Dawa ya kwanza ya jamii hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Zinaitwa statini. Hazipewi mama mwenye mimba kwa kawaida, na mwajua sasa kwa nini: mtoto anajengwa, na kolesteroli ni tofali. Aliyeandikiwa asiache siku anapojisikia vizuri, maana hata kabla ya kuanza alijisikia vizuri. Na yule anayepita na chupa ya majani akisema inaosha mishipa kwa siku saba, mwulizeni alipima damu ya nani, kabla na baada. Mimi nilimwuliza mmoja. Alifunga mzigo wake, akaenda kijiji kingine.

Kama mtoto wako amevimba miguu, usianze kumjaza mayai nyumbani. Mlete kwanza. Mwili wa bwaki hauwezi kupokea chakula kingi siku za mwanzo, na kumlisha kwa haraka kunaweza kumwua. Hospitalini anapewa maziwa maalum kidogo kidogo, mchana na usiku, na dawa, na anafunikwa asipate baridi. Uvimbe ukiisha na hamu ya chakula ikirudi, ndipo anaendelea mpaka chakula cha nyumbani. Lakini mtoto mzima aliyefika miezi sita apewe yai lililoiva vizuri, kwanza kidogo limepondwa katika uji, kisha lote, pamoja na kuendelea kunyonya. Na mahali ambapo desturi inamkataza mama mwenye mimba asile yai, wazee wafikiri tena.

Yule mtoto wa kwanza alikaa kwetu majuma manne. Siku ya tisa uvimbe ulikuwa umeisha, akaonekana mwembamba kama ufito, na mama yake alilia akidhani amezidi kuugua. Siku ya kumi na sita alicheka. Mwezi jana walikuja kupimwa. Ana kilo kumi na nusu. Mama anauza mayai bado, kwa sababu chumvi na sabuni havinunuliwi kwa maneno, lakini kuku wawili amewaweka kuwa wa mtoto. Aliniuliza, "Na baba ya mtoto, Munganga, naye ale?" Nikauliza umri wake na kama amewahi kupimwa tansio. Hajapimwa hata siku moja. Nimemwandikia aje siku ya Jumanne asubuhi, na shemeji wa mjini, akiwa bado yuko, afuatane naye.